Siku Moja Katika Mji wa Ahmad Shah



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama wenzangu, nawaandikia juu ya siku moja ambayo bado haijafika. Mwenyezi Mungu akipenda, mwezi wa Desemba nitafuatana na mama yangu mzazi kwenda Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat nchini India, akatibiwe moyo. Madaktari wa huko wametuandikia mpangilio wao: siku tatu za vipimo, siku moja ya kusubiri majibu, kisha upasuaji. Hiyo siku ya kusubiri ndiyo ninayoipanga. Ahmedabad ni mji wa kale wenye umri wa zaidi ya miaka 600, nami sijawahi kuvuka mpaka wa nchi hii, wala mama hajawahi. Je, siku hiyo tuipitishe chumbani tukiutazama ukuta, au tutoke tukauone mji? Na tukitoka, tutoke kwa pesa za nani, na kwa adabu gani?

Swali hilo si jepesi kama linavyosikika. Sisi twaishi Nairobi, ukingoni mwa Industrial Area, ambako barabara zimepewa majina ya kwetu Pwani, Likoni Road na Lunga Lunga Road, ilhali upepo wa bahari haufiki. Mume wangu ni mpakiaji katika godauni. Mimi huuza mahamri na chai langoni mwa kiwanda alfajiri, wakati vibarua wanapopanga foleni wakingoja kuitwa majina. Gharama ya matibabu haya haikutoka mfukoni mwetu. Ilichangwa: msikitini baada ya swala ya Ijumaa, langoni mwa kiwanda siku ya mshahara, na katika vyama vya akina mama kutoka South B hadi Kaloleni. Wapo waliotoa maelfu, na yupo kibarua aliyetoa shilingi 50 siku ambayo yeye mwenyewe hakuitwa kazini. Pesa za namna hiyo ni amana, na kila amana ina siku yake ya kuulizwa.

Kaka yangu, ambaye ndiye mahram wetu safarini, alikataa tangu mwanzo. "Dada," aliniambia, "watu walichangia moyo wa mama. Hawakuchangia matembezi. Picha moja tu ikionekana, tumekwisha." Sikumbishia, kwa sababu alisema kweli. Nilimwendea imamu wa msikiti wetu nikamweleza. Alinijibu kwa utulivu kwamba kilichotolewa kwa ajili ya matibabu ni cha matibabu, pamoja na nauli, chakula na malazi ambayo tiba haiwezekani bila hayo. Matembezi hayamo. Na kitakachobaki kirudishwe kwa waliotoa, au waombwe idhini kabla ya kupelekwa kwengine.

Basi tukafanya mambo mawili. La kwanza, bahasha ziko mbili. Ya michango inashikwa na kaka, na kila senti inaandikwa daftarini. Ya pili ni yangu: tangu Idi nimekuwa nikiweka shilingi 50 kila siku ya biashara kutokana na mahamri, na sasa zimefika 9,500. Siku ile itagharimiwa na bahasha hiyo peke yake. Ikiisha, tunarudi chumbani. La pili ni kusema wazi mapema, kabla ya safari, ili aliyechanga ajue na mwenye neno aliseme sasa. Hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Lakini aliyeamua hasa ni mgonjwa mwenyewe. Mama alitusikiliza mimi na kaka tukivutana, kisha akasema: "Wanangu, mimi si gunia la kupakiwa na kupakuliwa. Nikipelekwa mbali hivyo, nataka nijue nimefika wapi." Baada ya hapo kaka alinyamaza. Mwenye kwenda kulala chini ya kisu ana haki ya kuomba siku moja ya kuwa mgeni badala ya kuwa mgonjwa. Tulichobakiwa nacho ni kuipanga siku hiyo isimdhuru.

Habari ilipoenea mtaani, kila jirani alikuwa na neno moja mdomoni: Taj Mahal. Ilinibidi niwaeleze kwamba Taj Mahal iko Agra, na kutoka Ahmedabad hadi Agra ni zaidi ya kilomita 700, mbali kuliko Mombasa na Nairobi. Kiingilio cha mgeni huko ni kikubwa mara nyingi kuliko cha mwenyeji, na siku ya Ijumaa haifunguliwi kwa watalii. Wapo wanaojaribu kuifikia kwa kusafiri usiku kucha na kurudi usiku kucha. Mwenye moyo dhaifu hafanyiwi hivyo. Mshika mawili moja humponyoka, na mimi sitaki kinachoniponyoka kiwe mama.

Isitoshe, Ahmedabad haihitaji kuazima sifa za mji mwingine. Ulianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah wa Gujarat, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati, na mwaka 2017 ulikuwa mji wa kwanza wa India kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Na kwetu sisi si mgeni kabisa. Shanga za akiki kutoka Khambhat, bandari ya Gujarat isiyo mbali na hapo, zilivaliwa katika miji ya Waswahili karne nyingi zilizopita. Vitambaa vya Gujarat viliwavisha bibi zetu kabla leso haijaitwa leso. Hata hapa Industrial Area, wenye viwanda si wachache ambao asili yao ni Gujarat, na mume wangu amejifunza kuhesabu katoni kwa Kigujarati bila kukanyaga huko.

Nilipoanza kuandika orodha ya mahali pa kwenda, ilijaa ukurasa mzima. Kulikuwa na makaburi na bwawa la Sarkhej, nje ya mji. Kulikuwa na makumbusho ya nguo ya Calico, ambayo huingiwi bila kuandikisha nafasi mapema. Kulikuwa na makao ya Gandhi kando ya mto, alikoishi kuanzia mwaka 1917 na alikotoka mwaka 1930 kwa miguu kwenda kupinga kodi ya chumvi. Hayo yaliniuma kuyafuta, kwa kuwa Gandhi mwenyewe, akielekea Afrika Kusini mwaka 1893, meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Unguja. Hata hivyo niliyafuta. Siku moja ina mwanga wa saa kumi na moja tu, na mama hawezi kupanda na kushuka chombo mara nyingi. Nimebakisha vituo vinne, vyote ndani ya mji au jirani nao, na nimevichagua kwa swali moja: waliopita hapa waliwaachia nini wengine?

Kituo cha kwanza ni kisima. Katika mtaa wa Asarwa, kaskazini mashariki mwa mji wa kale, kuna kisima cha ngazi kiitwacho Dada Harir. Kilijengwa karibu mwaka 1500 na mwanamke, Bai Harir, aliyekuwa mkuu katika nyumba ya wanawake ya Sultani Mahmud Begada. Si shimo la kuteka kwa kamba. Mtu hushuka ngazi za mawe, ghorofa baada ya ghorofa, kati ya nguzo zilizochongwa, mpaka usawa wa maji, na kadiri anavyoshuka ndivyo joto linavyobaki juu. Humo mmeandikwa maandishi mawili ya kumbukumbu, moja la Kiarabu na moja la Kisanskriti, na pembeni Bai Harir alijenga msikiti na kaburi lake. Mama hatashuka; ataketi juu kivulini na kaka, nami nitashuka nimletee habari.

Kwa nini tuanze na kisima? Kwa sababu nyumba yangu hununua maji kwa mtungi wa lita 20, na najua uzito wake kichwani na mfukoni. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, na ya kwanza kutajwa ni sadaka yenye kuendelea. Bai Harir aliwachimbia maji watu wasiomjua, na aliandikisha habari hiyo kwa lugha mbili ili Mwislamu na Mhindu wote wajue ni ya nani na kwa ajili ya nani. Wanawake wa leo tukisikia neno wakfu hudhani ni jambo la matajiri wanaume. Nataka binti zangu waijue habari ya kisima hiki.

Kituo cha pili ni lango la Teen Darwaza, maana yake milango mitatu, lililojengwa zama za Ahmad Shah. Leo limezungukwa na wauza nguo, viatu na vyombo, na kelele zake, nimesikia, zitatukumbusha Gikomba. Katika ukuta wake kuna jiwe lililoandikwa mwaka 1812 kwa amri ya gavana wa Kimaratha, Chimnaji Raghunath. Amri yenyewe yasema kwamba binti apewe sehemu yake katika mali ya baba yake bila ya kizuizi, na kwamba atakayeasi, akiwa Mhindu atajibu mbele ya Mungu wake, na akiwa Mwislamu atajibu mbele ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Gavana hakuwa Mwislamu, wala hatutaweza kuyasoma maandishi hayo. Lakini mama aliposikia habari yake alitulia kwa muda mrefu. Yeye ni mmoja wa mabinti wengi wa Pwani ambao shamba la minazi la baba liligawanywa wao wakiwa jikoni. Sura ya An-Nisaa imeitaja sehemu ya binti waziwazi, na bado wapo wanaume wanaoswali swala tano na hawaisomi aya hiyo siku ya kugawa. Mama amesema anataka aliguse lile lango kwa mkono wake. Basi litaguswa.

Hatua chache kutoka hapo uko Msikiti wa Ijumaa wa mji huo, Jama Masjid, uliokamilishwa mwaka 1424. Hicho ni kituo cha tatu. Ukumbi wake umesimama juu ya nguzo 260, na katikati ya uwanja wake mpana kuna birika la udhu. Zamani ulikuwa na minara miwili mirefu mbele, ambayo ilipata pigo kubwa katika tetemeko la ardhi la mwaka 1819, na leo haipo. Ahmad Shah mwenyewe amezikwa jirani, upande wa mashariki. Tutafika saa nne na nusu asubuhi, mapema kabla ya Adhuhuri, tusiwe watalii machoni mwa wanaoswali. Kwa sababu hiyo hiyo nimemwomba daktari, kama inawezekana, siku yetu isiangukie Ijumaa.

Chakula cha mchana kimenisumbua kidogo, kwa kuwa Gujarat ni nchi ya wengi wasiokula nyama. Nimeambiwa na waliokwisha kwenda kwamba karibu na lango lile kuna uchochoro wa wapishi wa Kiislamu uitwao Bhatiyar Gali, wenye nyama za halali. Sisi wawili tutanunua huko. Mama atakula wali na dengu visivyo na chumvi nyingi, kama alivyoamriwa. Baada ya hapo ni kurudi chumbani. Ndiyo, nimeandika kurudi. Kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana hakuna kituo chochote. Wengi wakipanga siku moja hujaza kila saa, na saa ya kupumzika huiona hasara. Kwa mgonjwa, saa mbili hizo ndizo zinazoshikilia nyingine zote.

Mama atakapolala, kama nitapata dakika thelathini, nitakwenda kuketi karibu na wanawake wanaouza mboga katika soko la Manek Chowk. Ahmedabad, kama Industrial Area, ni mji uliolelewa na viwanda. Kiwanda chake cha kwanza cha nguo kilianza kazi mwaka 1861, na vingine vingi vikafuata. Ni katika mji huo, mwaka 1972, Ela Bhatt alipoanzisha chama cha SEWA, cha wanawake wanaojitafutia riziki wenyewe: wachuuzi, washonaji wa nyumbani, wabeba mizigo ya nguo kichwani. Miaka miwili baadaye wakaanzisha benki yao. Sitakuwa na lugha ya kuzungumza nao, ila kikapu cha muuzaji na macho ya askari wa jiji ni lugha tunayoijua sote.

Kituo cha nne, na cha mwisho, tutakifikia alasiri, na saa hiyo sikuiweka kwa kubahatisha. Huku kwetu Kenya tunaswali tukielekea kaskazini. Ahmedabad wanaelekea magharibi, kwani Makka iko upande wao wa machweo. Kwa hiyo ukuta wa kibla wa misikiti yao ndio ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa mwaka 1572 na 1573, una madirisha ya mawe yaliyochongwa kama ususi, na mashuhuri kati yake linaonyesha mti wenye matawi yaliyosokotana, yote kutoka katika jiwe. Dirisha hilo limekuwa alama ya mji, na chuo maarufu cha usimamizi cha huko kimelifanya nembo yake. Upande wa mashariki msikiti uko wazi kwa matao, hata aliyesimama uwanjani huona jua likipenya kwenye matawi yale. Mama hatahitaji kupanda popote.

Aliyeujenga msikiti huo alikuwa Mwafrika. Sidi ndilo jina walilopewa watu wa asili ya Afrika nchini India, na huyu asili yake ilikuwa Uhabeshi. Wengi wao walipelekwa huko wakiwa watumwa na askari. Wengine wakapanda wakawa makamanda na wenye mali. Hadi leo wapo Waislamu wa Gujarat, Masidi, ambao ukiwaona sokoni Mombasa hutawauliza wametoka wapi. Sidi Saiyyed alijenga katika miaka ileile ambayo majeshi ya Akbar yaliuteka usultani wa Gujarat. Dola aliyoitumikia ilikwisha; dirisha lake lipo.

Sasa machache ya matayarisho, kwa faida ya familia nyingine zitakazopelekwa huko. Viza ya mgonjwa na viza ya msindikizaji huombwa kwa intaneti, na mgonjwa mmoja huruhusiwa wasindikizaji wawili. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya, na chanjo ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya safari. Saa za India zimetangulia zetu kwa saa mbili na nusu, basi panga upya saa za dawa kabla ya kupanda ndege. Nambari ya gari la wagonjwa Gujarat ni 108. Beba soksi, kwa maana viatu huvuliwa na mawe ya uwanja huunguza. Beba mswala, kwa sababu misikiti mingi ya huko haina nafasi ya wanawake. Na kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi swala. Sisi tutakaa wiki tatu, basi tutaswali kamili, na nyakati za swala ndizo zitakazoigawa siku yetu.

Liko jambo kaka alilolitaja ambalo sikumficha mama. Mwaka 2002 Gujarat ilipatwa na machafuko yaliyoua zaidi ya watu 1,000, wengi wao Waislamu, na Ahmedabad ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia sana. Mama alisema Innalillahi, kisha akauliza kama Waislamu bado wanaishi huko. Nilimwambia wapo kwa malaki. "Basi tutakwenda tuwasalimie," alisema. Hata hivyo tutatembea mchana tu, kwa tuktuk ya kukodi yenye dereva tuliyeelekezwa na wenyeji wetu, na tutakuwa ndani kabla ya Magharibi.

Na daktari asubuhi ile akisema mama asitoke, hatutatoka. Nitazirudisha 9,500 zangu kwenye unga na mafuta, nami nitamsimulia kisima, lango, nguzo na dirisha, kwa kuwa nimeshavisoma vya kutosha. Siku iliyopangwa vizuri haimlazimishi mtu kuitimiza.

Enyi mliochanga, mkiwa na neno juu ya mpango huu, nifikieni kabla hatujaondoka. Mlango wangu na meza yangu ya mahamri mnavijua. Na msiokuwa na neno, tuombeeni. Mwenyezi Mungu amponye mama yetu na wagonjwa wote wa Waislamu, na azikubali sadaka zenu, kubwa na ndogo.

Wabillahi tawfiq.